Kuhesabu vijidudu kwenye sirapu: mwongozo wa maabara kwa mwanafunzi wa famasia

Muhula wa maikrobayolojia ukianza, maswali ya wanaoingia maabara kwa mara ya kwanza huwa yaleyale. Agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) iwe na joto gani ninapoimimina? Sahani ngapi zinatosha? Nimepata 160, dawa imepita au imeanguka? Mbona sahani zangu zote hazina kitu? Hapa tunayajibu kwa zoezi moja, kutoka mwanzo hadi mwisho: kupima sirapu ya parasetamoli ya watoto. Utahesabu bakteria, utahesabu hamira na ukungu, kisha utatafuta Escherichia coli (E. coli), bakteria wa utumbo. Ukiliweza zoezi hili, la vidonge au la marhamu litabadilika viwango na namna ya kuandaa sampuli tu.

Kabla hujashika pipeti, elewa hili: sahani tupu haithibitishi kwamba dawa ni safi. Sirapu ina vihifadhi, na nguvu ya vihifadhi hivyo haiishi vinapoingia kwenye agari. Vinaweza kuendelea kuwazuia bakteria wasiote hata kama wamo. Ndiyo maana nusu ya kazi yako ni kupima dawa, na nusu nyingine ni kuthibitisha kwamba kipimo chako kinaweza kuwaona bakteria wakiwepo. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayorukwa sana, na ripoti isiyo nayo haina thamani hata kama hesabu zake zimepigwa vizuri.

Kiwango kinachotakiwa

Famakopia (vitabu rasmi vya viwango vya dawa) za Ulaya, Marekani na Japani zina kiwango kimoja kwa dawa ya kunywa iliyotengenezwa kwa maji. Jumla ya vijidudu vinavyohitaji hewa ni 10² kwa mililita, hamira na ukungu kwa pamoja ni 10¹ kwa mililita, na E. coli isionekane ndani ya mililita 1.

Hiyo 10² usiisome kama 100 kamili. Kuhesabu koloni (vifundo vya vijidudu vinavyoonekana kwa macho kwenye agari) ni kipimo kinachoyumba, kwa hiyo famakopia inaruhusu hadi mara mbili: 10¹ ni mpaka 20, 10² ni mpaka 200, 10³ ni mpaka 2,000. Aliyepata bakteria 160, sirapu yake imepita, mradi sahani zake za udhibiti, zile za kuthibitisha kipimo chenyewe, zimekaa sawa.

Vitu vya kuandaa

- Agari ya soya na kasini, ile inayoandikwa TSA kwenye kopo: gramu 12 kwa mililita 300 za maji yaliyochujwa kwa mvuke.
- Agari ya Sabouraud yenye deksitrosi, yaani SDA: gramu 19.5 kwa mililita 300. Hivi ni vipimo vya gramu 40 na gramu 65 kwa lita; soma kopo lako, watengenezaji hutofautiana kidogo.
- Mchuzi wa soya na kasini mililita 90, mchuzi wa MacConkey mililita 100, na sahani ya agari ya MacConkey. Vyote viwe viwili viwili: seti moja ya dawa, nyingine ya udhibiti.
- Kizimuo (kimiminika cha kuzimulia sampuli) lita 1: potasiamu dihaidrojeni fosfeti gramu 3.6, disodiamu haidrojeni fosfeti yenye maji mawili gramu 7.2, chumvi gramu 4.3, peptoni gramu 1. pH iwe 7.0.
- Polisobeti 80 na lesithini, za kuzima nguvu ya vihifadhi.
- Sahani za petri za milimita 90, angalau 24, zilizotakaswa.
- Chupa mbili za mililita 90 za kizimuo, mirija ya mililita 9, pipeti ya mililita 1, pipeti ya mikrolita, na mabomba ya sindano ya mililita 10 yaliyotakaswa.
- Staphylococcus aureus, E. coli na Candida albicans kutoka kwenye hazina ya maabara, vilivyooteshwa upya.
- Bafu la maji moto la nyuzi 45, jiko la Bunsen, ethanoli ya asilimia 70, maka peni, koti na glavu.
- Inkubeta mbili: moja ya nyuzi 30 hadi 35, nyingine ya nyuzi 20 hadi 25.

Hiyo inkubeta ya pili huwaponza wengi. Vitabu vingi huiita joto la chumba, lakini chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kinapita nyuzi 25 kwa muda mrefu wa mwaka. Usiache sahani za ukungu juu ya meza ukadhani umefuata kanuni. Tafuta inkubeta yenye kupoza, au chumba chenye kiyoyozi na kipimajoto ambacho kinasomwa na kuandikwa kila siku.

Hatua

1. Pika agari siku moja kabla. Pima unga, weka kwenye chupa ya mililita 500 (usitumie ya 300, itafurika), ongeza maji, koroga, chemsha taratibu mpaka maji yawe angavu. Agari isiyoyeyuka kabisa hutoka na tabaka: chini imeganda kama jiwe, juu maji matupu. Kwenye kizimuo cha kuzimulia dawa, ongeza polisobeti 80 gramu 30 na lesithini gramu 3 kwa kila lita. Andaa pia chupa moja isiyo na viwili hivyo; utaihitaji hatua ya 6.

2. Takasa kwa otoklevu (mashine ya mvuke wenye presha), nyuzi 121 kwa dakika 15. Legeza vifuniko. Acha mvuke utoke kwa nguvu bila kukatika kabla ya kufunga vali, ili hewa yote iondoke, na anza kuhesabu dakika joto linapofika 121, si unapowasha. Hewa ikibaki ndani, huzama chini na kuzuia mvuke usifike huko. Mwaka 1972 huko Devonport, Uingereza, chupa za deksitrosi ya kuingizwa mshipani zilihusishwa na vifo vya wagonjwa 5. Uchunguzi ulikuta kwamba chupa za safu ya chini hazikufikia joto kwa sababu hewa ilibaki ndani ya otoklevu. Mashine ilikuwa imewashwa, na muda ulikuwa umetimia.

Walioko nyanda za juu wana jambo la ziada. Geji ya presha ikionyesha psi 15 ukiwa pwani, ndani ni nyuzi 121. Nairobi, kwenye takriban mita 1,700, hewa ya nje ni nyepesi zaidi, na psi 15 zilezile zinakupa nyuzi kama 118 tu. Utahitaji karibu psi 18. Fuata kipimajoto, geji iwe msaidizi.

Otoklevu ikishusha presha yenyewe, hamishia agari kwenye bafu la nyuzi 45 na uiache angalau dakika 45. Agari iliyoganda unaweza kuiyeyusha tena mara moja tu. Ukirudia, inabadilika rangi na virutubisho vinaharibika.

3. Andaa meza. Funga madirisha, zima feni. Joto litakusumbua, lakini feni inayozunguka juu ya sahani zilizo wazi inamwaga vumbi lote la dari ndani yake. Futa meza kwa ethanoli na uisubiri ikauke kabisa kabla ya kuwasha moto. Mvuke wa ethanoli hushika moto haraka. Andika chini ya kila sahani, kamwe si kwenye kifuniko: aina ya agari, mzimuo, tarehe, jina lako. Vifuniko huchanganyika.

4. Zimua dawa. Tikisa chupa ya sirapu, futa mdomo wake kwa ethanoli, ifungue karibu na moto. Vuta mililita 10 kwa bomba la sindano na uziingize kwenye mililita 90 za kizimuo chenye polisobeti. Sirapu ni nzito na hung'ang'ania ukuta wa bomba, kwa hiyo vuta kizimuo na kukirudisha mara tatu ili chote kilichobaki kiingie. Ukiacha hapo hata mililita 1, hesabu yako yote imepungua kwa asilimia 10 na hutajua. Tikisa taratibu. Huu ni mzimuo wa 1 kwa 10. Chukua mililita 1 yake, weka kwenye mrija wa mililita 9: umepata 1 kwa 100. Badilisha pipeti kila unapobadilisha mzimuo.

5. Mimina sahani. Weka mililita 1 ya kila mzimuo kwenye sahani mbili za TSA na mbili za SDA. Inua kifuniko upande mmoja tu, kiasi cha pipeti kupita. Kisha toa agari kwenye bafu, futa maji ya nje ya chupa (maji ya bafu yana bakteria wengi, na tone moja linatosha kuharibu sahani), pitisha mdomo wa chupa kwenye moto, mimina mililita 15 hadi 20. Agari isizidi nyuzi 45. Kama hauna kipimajoto kilichotakaswa, shika chupa kwa mkono: uweze kuivumilia muda wote bila kuiachia. Zungusha sahani ikiwa juu ya meza, mara tano kulia, mara tano kushoto, kisha mbele na nyuma. Usiinyanyue, agari ikigusa kifuniko imeharibika.

Kutoka sampuli ilipoingia kwenye sahani hadi agari kumiminwa usipitishe dakika 15. Ikiganda, geuza sahani juu chini.

6. Weka sahani za udhibiti. Hapa ndipo pa kutuliza akili.

Kwanza udhibiti wa usafi, kwa kila aina ya agari: sahani moja ya agari peke yake, moja ya agari na mililita 1 ya kizimuo, na moja iliyoachwa wazi mezani muda wote wa kazi. Zote zinatakiwa zibaki tupu. Ile ya wazi ikiwa na koloni moja au mbili, zitaje kwenye ripoti. Zikiwa nyingi, rudia zoezi.

Pili udhibiti wa uotaji. Changanya S. aureus kwenye maji ya chumvi mpaka weupe wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, ambacho ni kama bakteria 1.5 × 10⁸ kwa mililita. Zimua 1 kwa 10, mara nne kwa jumla. Chukua mikrolita 50 na uziweke kwenye mililita 10 za mzimuo wa 1 kwa 10 wa dawa, na mikrolita 50 nyingine kwenye mililita 10 za kizimuo chenye polisobeti kisicho na dawa. Mililita 1 ya kila kimoja itakuwa na bakteria wapatao 75. Mimina TSA, sahani mbili mbili. Weka na sahani moja ya S. aureus haohao kwenye kizimuo kisicho na polisobeti wala lesithini, ili ujue kama vitu hivyo vyenyewe haviui bakteria.

Kwa SDA fanya vivyo hivyo na Candida, ila seli zake ni kubwa: kwa weupe uleule wa 0.5 zipo milioni 1 hadi 5 tu kwa mililita. Zimua 1 kwa 10, mara mbili kwa jumla, kisha tumia mikrolita 20.

Baada ya kuotesha, gawanya wastani wa sahani zenye dawa kwa wastani wa zisizo na dawa. Jibu liwe kati ya 0.5 na 2. (Sirapu yenyewe ikiwa na koloni zake, ziondoe kwanza.) Mfano, bila dawa umepata 68 na penye dawa 61: jibu ni 0.9, kipimo kinafanya kazi. Ukipata 12 penye dawa, jibu ni 0.18, na vihifadhi bado vinaua. Sahani zako tupu za hatua ya 5 haziwezi kutumika.

7. Otesha. TSA nyuzi 30 hadi 35, siku 3 hadi 5. SDA nyuzi 20 hadi 25, siku 5 hadi 7. Sahani za SDA zifungie kwenye mfuko usiobana ili zisikauke. Anza kuzitazama siku ya pili, kwa sababu ukungu unaotambaa unaweza kufunika sahani nzima kabla ya siku ya tano. Weka alama ya kila koloni kwa maka mapema.

8. Tafuta E. coli. Chukua mililita 10 za mzimuo wa 1 kwa 10, ambazo zimebeba mililita 1 ya sirapu, ziweke kwenye mililita 90 za mchuzi wa soya na kasini. Otesha nyuzi 30 hadi 35, saa 18 hadi 24. Tikisa, hamisha mililita 1 kwenye mililita 100 za mchuzi wa MacConkey, nyuzi 42 hadi 44, saa 24 hadi 48. Kisha chora kwa kitanzi kwenye agari ya MacConkey, nyuzi 30 hadi 35, saa 18 hadi 72. Koloni za waridi au nyekundu ni dalili tu. Zithibitishe kwa vipimo vya utambuzi kabla ya kuandika jina. Endesha chupa ya pili sambamba, yenye dawa pamoja na E. coli chini ya 100. Hiyo lazima iote.

Wengi huruka mchuzi wa kwanza na kwenda moja kwa moja MacConkey ili waokoe siku. Bakteria aliyejeruhiwa na vihifadhi anahitaji kwanza chakula cha kawaida ajirudie. Chumvi za nyongo zilizomo kwenye MacConkey zitammaliza.

Na kukosa E. coli hakumalizi habari ya usalama. Mwaka 2016 Marekani, dawa ya maji ya kulainisha choo, docusate, ilihusishwa na maambukizi ya Burkholderia cepacia hospitalini. Bakteria huyo huishi kwenye maji na huvumilia vihifadhi vingi. Ukiona kwenye TSA koloni nyingi za aina moja, usiishie kuzihesabu.

9. Hesabu. Tumia mzimuo wenye koloni nyingi zaidi ambazo hazijapita 250 kwa bakteria, au 50 kwa hamira na ukungu. Chukua wastani wa sahani mbili, zidisha kwa mzimuo. Sahani za 1 kwa 10 zikiwa na 14 na 18, wastani ni 16, jibu ni 160 kwa mililita. Sahani zote za 1 kwa 10 zikiwa tupu, andika "chini ya 10 kwa mililita". Usiandike sifuri, kwa sababu ulichoangalia ni sehemu ya kumi ya mililita tu.

Ukungu ulioota kwenye TSA unahesabiwa pamoja na bakteria. Vivyo hivyo bakteria walioota kwenye SDA wanaingia kwenye hesabu ya hamira na ukungu. Wengi huwatoa kwa kuwa "si mahali pao", na hilo ni kosa.

10. Takasa taka. Sahani zote na mirija yote irudi kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 30, kabla ya kwenda jalalani. Andika namba ya toleo la sirapu, tarehe ya kuisha muda, joto halisi la inkubeta na matokeo ya kila udhibiti.

Mambo yakienda kombo

*Udhibiti wa uotaji umeanguka.* Ongeza polisobeti na lesithini, au zimua dawa zaidi. Lakini uangalie: kwa mzimuo wa 1 kwa 100, koloni moja ya ukungu ni sawa na 100 kwa mililita, na kiwango kinaishia 20. Hutaweza kusema kama dawa imepita. Hapo njia sahihi ni kuchuja: pitisha sampuli kwenye utando wenye matundu ya mikromita 0.45, suuza mara tatu kwa mililita 100 za kizimuo, kisha laza utando juu ya agari. Vihifadhi vinaondoka na maji, bakteria wanabaki.

*Agari ina madonge.* Ilianza kuganda kabla hujamimina. Koloni zitakaa kwenye madonge na hazihesabiki. Toa chupa moja moja kwenye bafu, usizipange mezani.

*Sahani za mzimuo wa 1 kwa 100 zina koloni nyingi kuliko za 1 kwa 10.* Umebadilisha lebo, au vihifadhi vinazuia kwenye 1 kwa 10 na vimepungua nguvu kwenye 1 kwa 100. Udhibiti wa uotaji utakuambia ni lipi.

*Koloni moja imetambaa sahani nzima.* Mara nyingi ni Bacillus, na uso wa agari ulikuwa na maji. Safari ijayo acha agari igande vizuri kabla ya kugeuza sahani, na usirundike zaidi ya nne.

*SDA imejaa bakteria.* Rudia kwa SDA yenye kloramfenikoli miligramu 50 kwa lita, na uandike kwamba umefanya hivyo.

*Hata S. aureus wa udhibiti bila dawa hajaota.* Agari ilikuwa ya moto mno, au bakteria walikuwa wamezeeka. Otesha wapya, uwatumie ndani ya saa 24.

*Ukungu upo mdomoni mwa chupa ya sirapu, lakini sahani ni safi.* Sukari nyingi ndani ya sirapu huwanyima vijidudu maji. Joto likipanda na kushuka, mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, yanadondoka juu ya sirapu na kuizimua hapo juu tu. Ukungu unaota kwenye tabaka hilo. Ulichukua sampuli bila kutikisa, au uliichukua chini. Rudia kwa chupa nyingine ya toleo lilelile ambayo haijafunguliwa, na iliyoota uiripoti kando.

*Umeme umekatika usiku.* Usifungue inkubeta, hupoa polepole ikiwa imefungwa. Soma kipimajoto umeme ukirudi na uandike saa zote ilizokuwa chini ya nyuzi 30. Kama ni saa chache na bado uko ndani ya siku 3 hadi 5, ongeza siku moja na uendelee. Mchuzi wa MacConkey wa nyuzi 42 hadi 44 ukipoa, anza upya kutoka kwenye mchuzi wa soya uliouhifadhi kwenye friji; ndiyo sababu usiumwage mpaka matokeo yote yawe mkononi.